Roboti inapojiamulia, msimamizi wake ataelewaje?

JULAI 2020, kampuni ya Telkom Kenya ikishirikiana na kampuni ya Loon, iliyokuwa tanzu ya Alphabet inayomiliki Google, ilizindua huduma ya intaneti iliyotoka angani. Maputo yapatayo 35, kila moja likiwa na ukubwa unaokaribia ule wa uwanja wa tenisi, yalielea takriban kilomita 20 juu ya ardhi na kutandaza mawimbi ya simu katika eneo la kilomita mraba zipatazo 50,000, kuanzia Iten na Eldoret hadi Baringo, Nakuru, Kakamega, Kisumu, Kisii, Bomet, Kericho na Narok. Huduma hiyo haikudumu. Januari 2021 Loon ilitangaza kwamba ingefunga virago kwa kukosa namna ya kuifanya biashara hiyo ilipe, na kufikia Machi mwaka huo ilikuwa imekoma humu nchini.

Walioitumia huikumbuka kwa intaneti. Jambo ambalo halikuzungumziwa sana ni kwamba maputo hayo hayakuwa na rubani, injini wala usukani. Puto liliweza kufanya jambo moja tu: kupanda au kushuka, kwa kuingiza hewa au kuitoa, hadi likutane na upepo unaoelekea upande linakotaka kwenda. Programu ya tarakilishi ndiyo iliyoamua lipande lini na lishuke lini, usiku na mchana. Wahandisi walibaki kutazama kwenye skrini, wakiwa na uwezo wa kuingilia kati pindi mambo yakienda mrama.

Wahandisi hao wamesimulia kisa cha puto moja lililokuwa safarini kutoka Puerto Rico kuelekea Peru. Njiani lilianza kuyumba, mara kushoto mara kulia, badala ya kufuata mkondo ulionyooka ambao mtu yeyote angeuchagua. Waliolitazama walikuna vichwa wakidhani programu imekosea. Baadaye walitanabahi kwamba puto halikuwa limepotea. Lilikuwa likitumia pepo zinazopishana ili lisonge mbele kwa kwenda upande upande, mbinu ambayo hakuna aliyeifundisha programu hiyo. Iliigundua yenyewe.

Nahodha wa jahazi kutoka Lamu angalicheka. Katika lugha ya mabaharia wetu, huko ni kubisha. Upepo wa mbisho ukivuma kutoka mbele, chombo hakikabiliani nao uso kwa uso. Hukata bahari kwa mshazari, kikageuka, kikakata tena upande wa pili, hadi kifike. Neno lipo na maarifa yapo tangu enzi za mababu. Tofauti ni kwamba ukimuuliza nahodha kwa nini amegeuza tanga, atakujibu. Puto halikuwa na jibu la kutoa.

Kisa hicho kiliisha salama, na ndiyo sababu kinasimuliwa kwa tabasamu. Lakini kinafichua tatizo ambalo limewashughulisha wataalamu wa roboti, wa usafiri wa ndege na wa tarakilishi kwa miongo kadhaa. Uamuzi wa mtambo unaweza kuonekana wa kipumbavu kumbe ni sahihi, kama ulivyokuwa wa puto. Unaweza vilevile kuonekana timamu kumbe ni wa hatari. Msimamizi huona kitendo tu, na kitendo peke yake hakimwambii ni hali ipi kati ya hizo mbili iliyo mbele yake. Akiingilia bila sababu ataharibu kazi nzuri. Asipoingilia panapohitajika, huenda watu wakafa. Anachohitaji ni maelezo yatakayomwezesha kujua lini aachie na lini ashike mwenyewe. Maelezo ya kumtuliza moyo tu hayamfai.

Mtambo hujiamulia vipi

Roboti inayojiongoza hufanya mambo matatu bila kukoma. Kwanza hukusanya habari kupitia vihisi, yaani kamera, rada, leza na vifaa vingine vinavyoifanyia kazi ya macho na masikio. Pili, kutokana na habari hizo hujijengea picha ya mahali ilipo na vitu vinavyoizunguka. Picha hii tunaweza kuiita imani ya mtambo, kwa maana ni yale inayoyashikilia kuwa kweli, yawe kweli au yasiwe. Tatu, huchagua kitendo kinacholingana na imani hiyo na lengo ililopewa.

Zamani sehemu kubwa ya uchaguzi huo ilitokana na kanuni zilizoandikwa na binadamu: ikiwa hivi, fanya vile. Mwenye subira angeweza kuzifuata kanuni moja baada ya nyingine hadi aone uamuzi ulikotoka. Siku hizi mitambo mingi hujifunza yenyewe kutokana na mifano au majaribio yasiyohesabika yanayoendeshwa ndani ya tarakilishi. Kinachobaki baada ya mafunzo hayo ni mamilioni ya tarakimu zilizounganishwa kama nyuzi za mkeka, na hakuna uzi mmoja unaoweza kuuvuta ukasema huu ndio uliosababisha puto ligeuke. Hata waliouunda mtambo hulazimika kuuchunguza kwa nje, kama daktari anayemchunguza mgonjwa asiyeweza kusema.

Mitambo ya kale nayo ilikuwa na fumbo lake, kwa kuwa kanuni zikishakuwa maelfu hakuna awezaye kuzishika zote akilini. Hata hivyo, kuna tofauti kati ya fumbo linaloweza kufumbuliwa kwa kazi na lile ambalo halina mahali pa kuanzia.

Sekunde tano na nukta sita

Kisa kilichochunguzwa kwa undani kuliko vingi ni cha Tempe, mji ulio katika jimbo la Arizona nchini Marekani. Usiku wa Machi 18, 2018, gari la majaribio la kampuni ya Uber lililokuwa likijiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli. Ndani ya gari alikuwamo msimamizi ambaye kazi yake ilikuwa kutazama barabara na kushika usukani ikibidi. Uchunguzi ulionyesha kwamba kwa muda mrefu wa safari alikuwa akiangalia simu yake.

Habari ya simu ndiyo iliyotangaa. Lakini bodi ya kitaifa ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilichimbua zaidi, na yaliyomo katika ripoti yake ya mwaka wa 2019 yanastahili kusomwa polepole. Gari lilimwona mwanamke huyo sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Halikumtambua kuwa ni mtu. Mara lilimwainisha kama gari, mara kama kitu kisichojulikana, mara kama baiskeli. Kila lilipobadili mawazo, lilitupilia mbali kumbukumbu ya mwendo aliokuwa nao, likaanza upya kukisia anakoelekea. Programu haikuwa imeundwa kutarajia mtu anayevuka mahali pasipo kivuko. Ilipotambua hatimaye kwamba ajali iko karibu, ilisubiri sekunde moja kabla ya kuchukua hatua, kwa sababu waundaji wake walihofia kwamba ingefunga breki ovyo ovyo kwa tahadhari za uongo.

Na msimamizi je? Mlio wa kumtahadharisha ulisikika sekunde 0.2 kabla ya mgongano.

Tuseme asingekuwa na simu mkononi. Angaliona barabara yenye giza na gari linalokwenda kwa utulivu. Hakuna chochote mbele yake ambacho kingemwambia kwamba kwa zaidi ya sekunde tano mtambo ulikuwa umeshikwa na shaka, ukibadili jibu lake mara kwa mara kuhusu kitu kilekile kimoja. Shaka hiyo ndiyo iliyokuwa habari muhimu kuliko zote usiku huo, nayo ilibaki imefungiwa ndani. Laiti taa ndogo tu ingewaka kuonyesha kwamba mtambo hauna hakika na kinachoonekana mbele, mtu aliye macho angeweza kukanyaga breki.

Msimamizi huyo alishtakiwa, na mwaka wa 2023 akakiri kosa la kuhatarisha maisha na kupewa kifungo cha nje cha miaka mitatu. Kampuni haikufunguliwa mashtaka ya jinai. Mwandishi huyu haoni kwamba simu ni jambo dogo. Lakini kumweka mtu awe mlinzi wa mtambo usiosema unachofikiri, kisha kumbebesha lawama yote unapokosea, ni kumfanya kafara.

Msiba ulioanzia Addis Ababa

Wakenya wana sababu yao ya kulijua jambo hili. Asubuhi ya Machi 10, 2019, ndege ya shirika la Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX iliondoka Addis Ababa kuja Nairobi. Ilianguka karibu na mji wa Bishoftu takriban dakika sita baada ya kupaa, na watu wote 157 waliokuwamo wakafa, wakiwemo Wakenya zaidi ya 30. Miezi isiyotimia mitano kabla yake, Oktoba 29, 2018, ndege nyingine ya aina hiyo ya shirika la Lion Air ilikuwa imetumbukia baharini nchini Indonesia na kuua watu 189.

Ndege hiyo haikuwa roboti kwa maana kamili, kwani marubani walikuwamo. Lakini ndani yake kulikuwa na programu iitwayo MCAS, iliyokuwa na mamlaka ya kusukuma pua ya ndege chini bila kuombwa, kila ilipoamini kwamba pua imeinuka kupita kiasi. Imani hiyo iliegemea kihisi kimoja tu kati ya viwili vilivyokuwa ubavuni mwa ndege. Katika safari ya Addis Ababa kihisi cha kushoto kiliripoti pembe ya nyuzi zaidi ya 70, ilhali cha kulia kilionyesha nyuzi zipatazo 15. Mtambo uliamini kile cha uongo, na kwa kadiri ya imani yake ulitenda ilivyopasa. Ulijitahidi kuiokoa ndege kutokana na hatari ambayo haikuwapo.

Marubani walipata nini? Usukani ulitetemeka, tahadhari za mwendo na za urefu kutoka ardhini zikatofautiana kati ya rubani na msaidizi wake, na gurudumu la kurekebisha mkia likazunguka lenyewe. Kelele zilikuwa nyingi, lakini hakuna hata moja iliyotaja kiini cha mambo, yaani: nashusha pua kwa sababu kihisi cha kushoto kinasema hivi, nacho hakipatani na cha kulia. Taa ya kuonyesha kwamba vihisi viwili havipatani ilikuwamo katika michoro, ila katika ndege nyingi za aina hiyo haikufanya kazi kwa kuwa ilikuwa imefungamanishwa na kifaa cha ziada ambacho mashirika yaliuziwa kando. Kabla ya ajali ya Lion Air, jina la MCAS halikuwamo hata katika vitabu vya mafunzo vya marubani.

Ndege hizo ziliporuhusiwa kuruka tena, kuanzia Marekani Novemba 2020, zilikuwa zimebadilishwa. Programu hulinganisha vihisi vyote viwili na kujizuia visipopatana, na ile taa ipo katika kila ndege. Mabadiliko hayo ya pili hayakuhitaji ugunduzi wowote wa kisayansi.

Kuamini kupita kiasi

Yawezekana msomaji akadhani kwamba dawa ni kumfunza msimamizi asiuamini mtambo. Binadamu hakuumbwa hivyo. Mwaka wa 1983 mtaalamu wa saikolojia wa Uingereza, Lisanne Bainbridge, alichapisha makala mafupi ambayo hadi leo yanasomwa katika vyuo vya uhandisi. Alieleza kinaya kilichomo katika kazi ya kusimamia mitambo: kadiri mtambo unavyozidi kuwa hodari, ndivyo msimamizi anavyozidi kukosa mazoezi, na ndivyo anavyoitwa kuokoa mambo katika nyakati ngumu kuliko zote, akiwa amepoa na hajui kilichotangulia.

Mwaka wa 2016 watafiti wa Georgia Tech, chuo kilichoko Atlanta, waliwaweka watu 26 katika jengo lenye moshi wa kuigiza na ving'ora, wakawapa roboti ya kuwaongoza kutoka nje. Nusu yao walikuwa wameiona roboti hiyohiyo ikipotea njia dakika chache zilizotangulia. Wote 26 waliifuata.

Vitani imani ya aina hiyo imeua. Machi 2003, mwanzoni mwa vita vya Iraq, mtambo wa Patriot wa jeshi la Marekani uliitambua ndege ya Tornado ya Uingereza kama kombora la adui na kuiangusha, ukiwaua wanajeshi wawili waliokuwamo. Siku chache baadaye, Aprili 2, uliangusha ndege ya jeshi la majini la Marekani yenyewe. Jopo lililochunguza mitambo hiyo lilibainisha kwamba ilikuwa imeundwa kufanya kazi karibu yote yenyewe, na wasimamizi walikuwa wamefunzwa kuitegemea programu.

Kwa hivyo imani yenyewe haina ubaya wala uzuri. Inayofaa ni ile inayopanda na kushuka kulingana na hali ya mtambo wakati huo, na haiwezi kupanda wala kushuka ikiwa mtambo huonyesha sura ileile ya utulivu, uwe na hakika au uwe unabahatisha.

Majibu ya swali la kwa nini

Juhudi za kuufanya mtambo ujieleze si za jana. Katika miaka ya sabini, Chuo Kikuu cha Stanford kiliunda programu iitwayo MYCIN iliyowasaidia madaktari kutambua maradhi yanayotokana na bakteria na kuchagua dawa. Ilipomuuliza daktari swali kuhusu mgonjwa, daktari aliweza kuijibu kwa kuiuliza: kwa nini? Nayo ilimtajia kanuni iliyokuwa ikiifuata. Wakati ule hilo liliwezekana kwa sababu kanuni zilikuwa mamia tu, na ziliandikwa kwa mkono wa binadamu.

Mitambo ya kujifunza ilipoenea, mlango huo ulifungwa, ikabidi utafutwe mwingine. Wizara ya ulinzi ya Marekani, kupitia idara yake ya utafiti DARPA, iliendesha mradi mkubwa wa kutafuta akili bandia inayojieleza, uliotekelezwa kati ya 2017 na 2021. Vyuo vikuu vilijaza majarida kwa mbinu za kila aina.

Katika wingi huo, mchango uliowafaa wengi haukutoka kwa wahandisi. Mwaka wa 2019 Tim Miller, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Melbourne nchini Australia, alikusanya yale ambayo wanafalsafa na wanasaikolojia wameyagundua kuhusu namna watu wanavyoelezana mambo. Mtu anapouliza kwa nini, alisema, huwa analinganisha. Haulizi tu kwa nini jambo hili limetokea. Huuliza kwa nini limetokea hili, wala si lile alilolitarajia. Mama akimuuliza mwanawe kwa nini amepitia sokoni, hataki historia ya barabara. Ataka kujua kwa nini hakupitia njia ya kanisani kama siku zote. Jibu zuri ni fupi, nalo hutaja ile tofauti.

Kwa msimamizi wa puto, orodha ya pepo zote za angani ingekuwa mzigo. Sentensi moja ingetosha: nimeacha njia iliyonyooka kwa sababu upepo wa huko unanirudisha nyuma, na kwa mshazari nitafika mapema. Sisi tunaohariri habari tunaijua kazi hii. Mwandishi chipukizi huleta kila alichokiona, kisha mhariri humuuliza ni kipi kati ya hivyo ambacho msomaji hakukitarajia. Hicho ndicho huanza.

Mfano wa jibu la namna hiyo uko katika safari za Mirihi. Mawimbi ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 hivi kufika huko, ikitegemea umbali wa sayari hizo mbili wakati huo, hivyo gari-roboti haliwezi kungoja ruhusa kwa kila jiwe. Wataalamu wa maabara ya JPL ya NASA, iliyoko California, walipokuwa wakitayarisha gari la Perseverance, lililotua Mirihi Februari 18, 2021, waliunda programu ya kupanga ratiba ya kazi za siku kulingana na umeme na muda uliopo. Mara programu ikaanza kuacha baadhi ya kazi nje ya ratiba, na wanasayansi wenye kazi hizo wakataka kujua sababu. Mwaka wa 2020 wataalamu hao walieleza chombo walichokiita Crosscheck, kinachomwonyesha mpangaji kwa nini kazi fulani haikupata nafasi, mathalani kwamba betri ingeshuka chini ya kiwango kinachokubalika, na ni jambo gani likibadilishwa kazi hiyo itaingia. Mpangaji akijua hivyo anaweza kuamua: apunguze muda wa kamera, aisogeze kazi hadi kesho, au akubali kwamba mtambo una haki.

Watafiti wa jeshi la Marekani wakiongozwa na Jessie Chen walikuwa wamependekeza mwaka wa 2014 kwamba mtambo uonyeshe mambo kwa ngazi tatu: unafanya nini na unalenga nini, kwa nini umechagua hivyo, na unatarajia nini kitafuata pamoja na kiasi cha hakika ulicho nacho. Ngazi ya tatu ndiyo inayosahaulika mara nyingi, nayo ndiyo iliyokosekana Tempe.

Maelezo yanayopotosha

Hapa pana mtego ambao wauzaji wa mitambo hawapendi kuutaja. Maelezo yanaweza kuwa mazuri kusikia na yasiwe na uhusiano wowote na kilichosababisha uamuzi. Mojawapo ya mbinu zilizopendwa sana ni kupaka rangi juu ya picha ili kuonyesha ni sehemu zipi zilizoishawishi programu. Mwaka wa 2018 Julius Adebayo na wenzake walizijaribu mbinu hizo kwa hila rahisi: walivuruga tarakimu za ndani ya programu hadi ikawa haijui lolote, kisha wakaomba maelezo tena. Baadhi ya mbinu zilitoa picha zinazofanana sana na zile za mwanzo. Yaani maelezo yalikuwa yaleyale, mtambo uwe na maarifa au uwe mtupu.

Hata maelezo yaliyo ya kweli yana athari isiyotarajiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington na kampuni ya Microsoft ulionyesha kwamba watu walipopewa maelezo pamoja na jibu la programu, walielekea zaidi kulikubali jibu hilo, liwe sahihi au liwe la makosa. Maelezo yaliwashawishi kuliko kuwapambanulia. Mtu mwenye ulimi mtamu huaminiwa hata anapopotosha, na mitambo ya leo inayozungumza lugha za watu kwa ufasaha imeuzidisha mtego huu maradufu.

Kipimo cha maelezo, basi, hakiwezi kuwa kumuuliza msimamizi iwapo yamempendeza. Wapimaji makini humweka mbele ya skrini, humwonyesha hali ambazo mtambo umekosea na ambazo haukukosea, kisha huhesabu ni mara ngapi alizitofautisha. Anayenunua mitambo, iwe ni hospitali, bandari au serikali ya kaunti, ana haki ya kudai matokeo ya jaribio la namna hiyo kabla ya kutia sahihi.

Kumbukumbu za baadaye

Zipo hali ambazo hakuna maelezo yanayoweza kuwahi. Mtambo unaoamua kwa sehemu ya sekunde hauwezi kumngoja mtu asome sentensi. Katika hali hizo uelewa hupatikana kabla, kwa mafunzo, au baada, kwa kumbukumbu. Mwaka wa 2017 Alan Winfield wa chuo cha UWE cha Bristol na Marina Jirotka wa Oxford walipendekeza kila roboti ibebe kisanduku mfano wa kile cheusi cha ndege, kinachohifadhi yale iliyoyaona na sababu za ilivyoamua. Taasisi ya wahandisi ya IEEE nayo ina kiwango, nambari 7001 cha mwaka wa 2021, kinachoeleza namna ya kupima uwazi wa mitambo inayojiongoza, kikitofautisha anachohitaji mtumiaji, mchunguzi wa ajali na mwananchi wa kawaida.

Sheria zinajikokota nyuma. Sheria ya akili bandia ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kuwa na nguvu Agosti 2024 na ambayo vifungu vyake vinatekelezwa kwa awamu, inataka mitambo yenye hatari kubwa iundwe kwa namna itakayomwezesha msimamizi kuielewa, kuisimamisha, na kujihadhari asiiamini kupita kiasi. Hapa Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, kifungu cha 35, inamlinda mtu dhidi ya maamuzi mazito yanayomhusu yaliyofanywa na mtambo peke yake, na kumpa haki ya kuomba yafikiriwe upya. Inamhusu mwenye data. Msimamizi wa roboti haitajwi.

Thamani ya kumbukumbu ilionekana Mirihi. Perseverance lilikuwa limebeba helikopta ndogo, Ingenuity, iliyojirusha yenyewe ikijiongoza kwa picha za ardhi ilizopiga kila mara. Mei 22, 2021, katika safari yake ya sita, ilianza kupepesuka huku na huko kama mlevi, ingawa ilitua salama mita chache tu kutoka mahali palipokusudiwa. Kumbukumbu zilipofika duniani, wahandisi waliona kwamba sekunde 54 baada ya kuruka, picha moja tu ilikuwa imepotea. Kuanzia hapo kila picha iliyofuata ilibandikwa wakati usio wake, na helikopta ikawa inajirekebisha kwa kuamini iko mahali ambapo haikuwapo. Kosa lilirekebishwa na safari zikaendelea.

Safari ya 72, Januari 18, 2024, ilikuwa ya mwisho. Helikopta iliruka juu ya vilima vya mchanga laini visivyo na jiwe wala alama ya kushikilia jicho, mabapa yake yakavunjika wakati wa kutua. Mawasiliano yalikuwa yamekatika karibu na mwisho wa safari hiyo, na wachunguzi walilazimika kuunganisha picha zilizopigwa baadaye na takwimu chache zilizofika. Walihitimisha, katika matokeo yaliyotangazwa Desemba mwaka huo, kwamba kwa kukosa alama za ardhini mtambo ulikosea kukadiria mwendo wake, ukagusa ardhi ya mteremko ukiwa bado unakwenda kwa kasi upande upande.